Kwa Kibaba au kwa Kiganja

9 Februari

Mwanangu mpenzi,

Natumaini barua hii inakukuta mzima na umeshakula, maana najua ukibanwa na kazi unasahau yote mawili.

Sisi tu wazima. Habari kubwa ni macho ya baba yako. Jumanne walimfungua bandeji, na jambo la kwanza alilofanya ni kusoma. Alianza na jina la daktari kifuani, akaja kwenye tangazo la kunawa mikono, halafu sote tuliokuwa kwenye benchi tukasomewa kadi zetu kwa sauti. Miaka mitatu ya kupapasa kuta imekwisha. Nililia palepale kliniki, na sioni haya kukuambia. Tangu turudi nyumbani anasoma kila kitu: sabuni, gazeti lililofungia chumvi, maelezo ya dawa ya mbu. Ukarani haujamtoka. Kilichoandikwa kwake ni amri. Juzi alinikataza kupika unga kwa sababu paketi ilisema utumike kabla ya jana yake.

Sasa nije kwenye lililonifanya nikae kitako niandike. Bwana shamba alituita kwenye ghala la ushirika akatusomea muswada wa sheria ya mbegu unaokwenda bungeni. Kifungu cha kumi na nne nilimwomba anisomee mara mbili, nikakinakili: "Hakuna mtu atakayeuza, kubadilishana au kugawa mbegu isiyosajiliwa, iwe kwa gunia, kwa kibaba au kwa kiganja." Atakayekiuka, faini au miezi sita ndani. Kifungu chenye kifungo. Mkunga, aliyekaa nyuma yangu, akauliza, na jirani akiniomba? Bwana shamba akatazama tena karatasi. Jirani hayumo.

Unaijua nyumba hii. Mvua ikikaribia watu wanakuja, nami nagawa. Nyamazamwana yetu, yale maharage madogo yanayoiva kabla mtoto hajachoka kulia, sijawahi kuyaona dukani. Yapo kwa sababu bibi yako alinipa kiganja kimoja, nami nimegawa miaka thelathini na nane. Nikiacha kugawa, mwaka mmoja wa ukame kwangu unatosha kuyamaliza.

Wewe uko huko jikoni zinakopikwa sheria. Hebu niulizie mpishi wa hicho kifungu ni nani, na alikuwa anawaza nini.

Barua anakuletea dereva wa lori la maziwa. Ile simu uliyonipa iko kabatini, haina shida yoyote. Kwenye simu watu huambiana hawajambo, kisha wanakata.

Shangazi yako

27 Februari

Shangazi yangu mpendwa,

Shikamoo. Mimi mzima, na nimekula. Habari ya macho ya Baba niliisoma nikiwa nimesimama kwenye ngazi za ofisi, nikashindwa kuendelea kupanda. Mwambie aniandikie kwa mkono wake mwenyewe, hata mistari miwili.

Kuhusu muswada, naomba usiwe na hofu. Kwanza si sheria bado. Kamati ya bunge itakaa mwezi wa sita. Pili una sababu zake. Unakumbuka mwaka ule ulipouziwa mahindi ya kula yaliyopakwa rangi nyekundu, yakaota saba kwa kila mia, ukapanda mara ya pili huku mvua inakuacha? Hapa tuna mafaili mawili yaliyojaa malalamiko ya namna hiyo. Sheria iliyopo ni ya zamani kuliko mimi, na matapeli wanapita kwenye matundu yake na malori yao. Muswada uliandaliwa na ofisi, kwa kufuata mfano uliotoka nje. Ni kazi ya watu wengi.

Mpaka mambo yakae sawa, akija mtu kukusumbua, mwonyeshe kifungu cha pili. Pale mbegu imeelezwa kuwa ni kitu chochote cha mmea "kilichokusudiwa kupandwa". Kwa hiyo kilichokusudiwa kuliwa si mbegu. Ni utani wa wanasheria, lakini ndivyo kilivyo.

Jambo la maana ni hili. Muswada utaanzisha daftari la mbegu za wakulima. Mbegu ikiingia humo inakuwa imesajiliwa, na hakuna wa kukugusa. Nitumie kilo mbili za nyamazamwana kwa lori la maziwa, zifike kabla ya mwisho wa Mei, ili nizipeleke maabara na niwe nazo mkononi kamati ikikaa. Bila hizo sina la kuwaonyesha.

Binti yako

15 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Nimecheka mpaka mkunga akaja kuuliza kilichoandikwa.

Ushauri wako nimeufuata siku ileile. Baba yako yuko kwa dada yake mdogo, anakagua vitabu vya watoto wa shule na kuwasahihisha walimu, nami nikapata nafasi. Makopo yote ya darini nimeyashusha na kuyaandika kwa rangi ya mlango, herufi kubwa: CHAKULA. Mtama, CHAKULA. Kunde, CHAKULA. Nyamazamwana, lile kopo kubwa la maziwa ya unga, CHAKULA mara mbili, mbele na nyuma.

Bwana shamba alipita Ijumaa. Akayasoma moja moja, akaniuliza chakula gani hiki kinachohifadhiwa kwa jivu. Nikamwambia ndivyo tunavyopenda. Alikunywa chai vikombe viwili akaondoka anatikisa kichwa. Ni kijana mzuri, anajua kutoona.

Mvua haijaanza, ila mawingu yanafanya mazoezi. Kilo zako mbili nitazipima wiki ijayo, kabla sijaanza kugawa. Lakini sikuelewa maana ya "kazi ya watu wengi". Chungu cha wengi huungua, nacho huwa kina mtu mmoja aliyetia chumvi.

Shangazi yako

20 Aprili

Shangazi,

Shikamoo. Mvua imeanza huko? Hapa barabara ya ofisini imekuwa mto, tunavuka kwa matofali.

Kopo la kilo mbili halijafika. Nimekwenda kwenye kituo cha maziwa mara tatu, dereva anasema hukumpa kitu, na kwamba siku hizi humsimamishi hata kumsalimia. Labda hamkuonana. Muda unakwenda. Mtu wa maabara anahitaji wiki mbili za kuziotesha na kuhesabu, naye hapokei baada ya Mei.

Mkuu wangu wa kazi amesema wazi kwamba sisi ni waandishi wa sheria, hatubadilishi sera; kama nataka kifungu cha kumi na nne kiguswe niwaletee wajumbe kitu cha kushika, si hadithi. Nimemwambia kipo, kinakuja.

Baba ameniandikia nyuma ya kadi ya kliniki, mwandiko uleule wa ofisini, kama hajawahi kuuacha: "Macho mazuri. Maharage matamu. Shangazi yako hataki kusema nami." Mmegombana nini tena? Muwe wema, ninyi ni wawili tu humo ndani.

Binti yako

5 Mei

Mwanangu,

Marahaba. Mvua ni nzuri. Mbuzi amezaa mapacha. Paa la jiko limezibwa, baba yako alisoma maelezo ya bati kabla hajamruhusu fundi kupanda. Mkunga anakusalimu.

Kuhusu lile kopo, dereva wa maziwa alipata pancha. Tutaona.

Shangazi yako

16 Mei

Shangazi yangu,

Shikamoo. Barua yako ina mistari saba. Tangu nijue kusoma hujawahi kuniandikia pungufu ya kurasa mbili, na ukurasa mmoja huwa ni wa kunisema. Pancha haizibwi kwa mwezi mzima, na dereva ameniapia hajapata. Kuna kitu hutaki kuniambia.

Ngoja nianze mimi, maana mficha maradhi kifo humuumbua. Uliuliza mpishi wa kifungu cha kumi na nne ni nani. Ni mimi.

Mshauri alituletea muswada wa mfano, uliotungwa kwa mashamba ya nchi nyingine kabisa. Ndani yake lilikuwamo neno ambalo kwao maana yake ni kusambaza kwa biashara, kwa malori na mawakala. Mkuu wangu akaniambia nitafute neno la Kiswahili ambalo mkulima atalielewa bila kuajiri wakili. Nikafumba macho nikakuona umekaa kizingitini na kopo mapajani, watu wamepanga foleni hadi kwenye kichaka cha mdulele. Nikaandika "kugawa". Nikaongeza gunia, kibaba na kiganja, kwa sababu ndivyo ulivyokuwa ukituimbia tukikusaidia kupima. Nilijisikia fahari. Mkuu alipigia mstari akaandika pembeni: "Kiswahili safi."

Uliponinakilia kwenye barua ya kwanza ndipo nilipokisoma kwa mara ya kwanza kwa macho ya mtu anayeishi chini yake. Nilitafuta neno la nyumbani nikalitumia kufunga mlango wa nyumbani. Na nikakuandikia kwamba ni kazi ya watu wengi. Naona aibu, Shangazi, hasa kwa hilo la pili.

Kamati inakaa tarehe 11 Juni. Nimepewa robo saa. Sasa na wewe niambie.

Binti yako

28 Mei

Mwanangu mpenzi,

Marahaba, na pole, na asante.

Kwanza ulilosema. Nilijua tangu Februari, palepale ghalani. Ni nani mwingine chini ya jua anayetaja gunia, kibaba na kiganja kwa mpangilio huo? Mkunga alinigusa begani akasema, huo si wimbo wako? Nikamwambia anyamaze. Nilikuwa nasubiri useme mwenyewe. Umechelewa, ila umesema, na moyo wangu umetulia.

Sasa langu. Wiki ileile niliyokuandikia habari za CHAKULA nilikwenda mazishini, siku mbili. Baba yako akarudi kutoka kwa dada yake mdogo akakuta nyumba tupu. Akataka kunishukuru kwa miaka mitatu ya kumshika mkono. Alivaa miwani, akasoma rafu, akaona kopo limeandikwa chakula mbele na nyuma. Akafungua, akakuta jivu, akasikitika kwamba dada yake amezeeka hajui tena kutunza vitu. Akaosha maji matatu. Akapika lote, kwa kitunguu, akawaita majirani wa kulia na kushoto.

Nilifika nimechoka, nikawekewa sahani. Nilikula vijiko viwili kabla ulimi haujaniambia. Baba yako amesimama pembeni anangoja sifa. Mwanangu, yalikuwa matamu. Hilo ndilo lililonikasirisha zaidi.

Nikamuuliza kwa nini. Akanionyesha kopo kwa kidole.

"Dada, imeandikwa."

Na mwandiko ni wangu. Wanasema akiba haiozi, hawakusema haipikwi. Mvua ilipoanza watu wakaja kizingitini, nikawaambia mwaka huu hakuna. Nilijifungia ndani siku mbili, na kwako nikaandika habari za mbuzi. Niliona haya kukuambia kwamba nilichopewa na bibi yako kimekwisha mikononi mwangu kwa sababu ya ujanja wangu.

Baba yako alivumilia kununiwa mpaka wiki iliyopita. Asubuhi moja akachukua fimbo na lile daftari lake la jalada gumu, hakuaga. Nikadhani amehama. Alirudi jioni mifuko ya koti imevimba. Alikuwa amepita nyumba kwa nyumba akiuliza swali moja: nani amewahi kugawiwa nyamazamwana kutoka kwa dada yangu? Wengi walikuwa wanaanza kuvuna. Fundi baiskeli alitoa viganja viwili. Mkunga, kibaba kizima. Mlinzi wa shule hakuwahi kunijua, alipewa na mkunga, naye amempa shemeji yake ng'ambo ya kilima; baba yako akavuka kilima, kwa macho yale ya miezi mitatu. Siku nne ametembea. Nyumba kumi na tisa, kila moja ameandika: jina, kazi, alipewa na nani, amempa nani. Wengine walimpa kwa ukucha, wengine kwa kofia. Haba na haba hujaza kibaba, nilikuwa naisema kila siku, sasa nimeiona mezani kwangu ikijaa mpaka ikamwagika. Kopo limejaa kuliko lilivyokuwa. Nililia tena, na baba yako akasema haya machozi yangu ya siku hizi yanampa wasiwasi, labda na mimi nikapimwe.

Sasa sikiliza. Kama ningekuwa nimetii kifungu chako tangu zamani, kopo lingekuwa moja tu, hili langu, na lingekuwa limeliwa. Yamerudi kwa sababu niligawa. Wape hilo wajumbe wako walishike.

Dereva amebeba kilo mbili na nakala ya daftari. Baba yako ameinakili mwenyewe, na ameomba ofisi yenu imwandikie risiti ya kuipokea.

Shangazi yako

19 Juni

Shangazi na Baba, wapendwa,

Shikamooni. Nimelala usingizi wa kweli kwa mara ya kwanza tangu Februari, nimeamka saa tatu, nimekunywa chai kitandani. Ndiyo maana nachelewa kuandika.

Mtu wa maabara alinipokelea siku ya mwisho kabisa, akinung'unika. Kwa muda ule uliobaki aliweza kuotesha mia tu. Zimeota tisini na sita. Akanirudia mezani kuniuliza kama naweza kumpatia kiganja kwa ajili ya mama yake. Nikamkumbusha sheria inayokuja. Akasema hajasikia kitu.

Chumba cha kamati kina meza ndefu na vipaza sauti ambavyo havizimiki, kwa hiyo kila mjumbe akimeza maji sote tunasikia. Nilianza kwa makosa yangu. Nikawaambia neno "kugawa" niliandika mimi, na maana yake huko lilikotoka haikuwa hii. Mkuu wangu akatazama dari. Kisha nikawaeleza habari ya makopo, mazishi, sahani, na daftari la nyumba kumi na tisa nikalizungusha mezani. Walilisoma kweli, Baba. Mjumbe mmoja alisifu mwandiko.

Si wote walikubali. Mmoja aliyewahi kufanya biashara ya pembejeo aliuliza nani atamzuia tapeli asijiite mkulima, ajaze lori, na kusema anagawa. Ni swali la haki, nami ninayo yale mafaili mawili. Tulibishana karibu saa nzima, mle kwenye robo saa yangu. Mwisho mwenyekiti, mama mmoja mkimya aliyekuwa anafuta miwani muda wote, akauliza:

"Huyo karani, baba yako, alikosea wapi hasa?"

"Hakukosea, mheshimiwa. Alitii kilichoandikwa. Na polisi wetu watafanya vivyo hivyo."

Tulisikia maji yakimezwa. Mwenyekiti akavaa miwani akasema, basi na tuandike vizuri. Kifungu cha kumi na nne sasa kinamkataza mtu kuuza au kusambaza kwa biashara mbegu isiyosajiliwa. Halafu wakaongeza kifungu kidogo, na maneno yake nimeyaandika mimi tena, safari hii macho wazi: "Hakuna lolote katika Sheria hii litakalomzuia mkulima kugawa mbegu aliyoivuna mwenyewe, iwe kwa kibaba au kwa kiganja."

Gunia limeondolewa. Ndiyo bei tuliyokubaliana kwa sababu ya yule tapeli mwenye lori. Na fomu ya daftari la usajili ina kurasa kumi na moja, hiyo bado tunapigana nayo. Muswada lazima usomwe tena bungeni na usainiwe, kwa hiyo msisherehekee kwa sauti. Lakini kamati imepitisha, wote. Nilitoka nje nikakaa kwenye ukingo wa maua nikacheka peke yangu, mlinzi akaja kuniuliza kama nahitaji maji.

Nimefurahi, Shangazi. Sijui namna nyingine ya kuliandika hilo.

Binti yenu

2 Julai

Mwanangu mpenzi,

Marahaba. Barua yako nimesomewa mara tatu, mara mbili bila kuomba. Baba yako anatembea na ile risiti ya ofisi yenu mfukoni, na mtu akimsalimu anaonyeshwa.

Gunia liende salama. Sijawahi kuwa na gunia la kugawa, lile lilikuwa la kunogesha wimbo. Jana nilikaa kizingitini na kopo, mkunga akaja na kibakuli chake, nikampimia, naye akaniuliza kama tunavunja sheria. Nikamwambia bado kidogo tutakuwa tunaitii. Kwa msimu ujao watu kumi na watatu wameshaweka ahadi ya kuja kugawiwa.

Makopo tumeyaandika upya. Baba yako ndiye aliyeshika brashi, kwa herufi za ofisini: MBEGU. SI CHAKULA. HATA UKIWA NA NJAA. Chini akaweka tarehe na sahihi. Alipomaliza akanitazama, nikampa sahani ya kunde nilizompikia, na huko kununiana kumeishia hapo.

Kwenye bahasha hii kuna kifurushi kidogo. Ni kiganja kimoja, changu, nimekipima mwenyewe. Tafuta ndoo, tia udongo, weka kwenye hilo dirisha lako. Yakizaa, usile yote. Mpe mtu.

Utaona kifurushi nimekiandika CHAKULA. Ni kwa sababu sheria yako haijasainiwa. Usipike.

Shangazi yako